Taa ya Vifaranga

Harufu ya karafuu hainipi raha. Wapemba wenzangu wakiinusa hujiona wamefika kwao. Mimi hukumbuka kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati letu Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, majira ya baridi ya mwaka 2016, nilipokuwa na miaka kumi. Karafuu zile alizituma Baba kutoka Indonesia, zimefungwa kwenye gazeti lenye maneno nisiyoyajua. Kila nikitoka shule nilifungua kopo, nikaingiza pua, nikalifunga upesi harufu isije ikaisha. Mama alinicheka, akasema nitazimaliza kwa pua kabla hazijafika kwenye pilau.

Baba alizaliwa Pemba, na kazi aliyojifunza tangu utotoni ni karafuu: kuzichuma, kuzichambua, kuzianika, na kujua kwa kuvunja moja tu kama zimekauka sawasawa. Mfanyabiashara mmoja wa viungo wa hapa mjini alimtuma Java akamchagulie mzigo. Akaenda kwa miezi mitatu, ikawa mwaka, na mwaka nao ukapita. Mimi sikulalamika, maana kila Jumapili alituma sauti ndefu kwenye simu ya Mama, na zote zilikuwa zangu. "Salma mwanangu, leo nikupeleke wapi?" ndivyo alivyoanza, kisha akanipeleka kijijini alikokaa huko Java.

Kijiji chenyewe hakuna aliyekijua mjini kwetu. Kwenye ramani ya simu palikuwa na rangi ya kijani tu. Lakini mimi nilikijua: kiko kwenye mteremko wa mlima, mpunga umelimwa kwa matuta yanayopanda kama ngazi kutoka bondeni, na mpunga unapoishia ndipo mikarafuu inapoanza. Wachumaji hupanda mwanzi mmoja mrefu uliopachikwa vijiti vya kukanyagia, umefungwa kamba kwenye miti ya jirani usiyumbe. Wanawake hukaa barazani kuchambua vikonyo, na mikeka ya kuanikia hufika mpaka kando ya barabara, pikipiki zikaipita kwa adabu. Nyumba zina vigae vyekundu. Mtu akiwa na shughuli, kila jirani hupelekewa chakula kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Nilikijua kuliko Rosettenville, ambako ruhusa yangu iliishia kwenye spaza ya kona, kiduka cha mtaani. Na Baba alikuwa ameahidi: Desemba, shule zikifungwa, mimi na Mama tutakwenda, naye atanifundisha kupanda ule mwanzi. Nguo za safari nilishazitenga.

Mwalimu alipotupa kazi ya likizo, kila mtoto aandike kuhusu kijiji cha kwao, wenzangu waliandika vijiji vya bibi zao Limpopo na Kongo. Mimi nikaandika kijiji cha Baba. Nilitaka picha, akanitumia moja ya nyumba aliyopanga: mlango wa mbao, ndala jozi mbili, na kando ya mlango, chini kwenye udongo, kikapu kimefunikwa kifudifudi, ndani yake balbu inawaka mchana kweupe. Nikamuuliza ni nini. "Taa ya vifaranga hiyo," alijibu huku akicheka. "Huku milimani kuna baridi, basi wanawashiwa wapate joto." Nilifurahi mno. Sisi tulikuwa tunajifunika mablanketi matatu na hita inazimwa kuokoa umeme, kumbe kuna mahali ambapo hata kifaranga ana taa yake. Sentensi hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Mama aliuza chakula cha mchana Braamfontein karibu na chuo kikuu, meza yake hatua chache kutoka kwenye robot, taa za barabarani kama tunavyoziita hapa. Siku za likizo nilikaa naye kumsaidia Kiingereza, maana chake kilikuwa cha bei na chenji tu. Mteja wetu mmoja alikuwa Ningsih, mwanafunzi kutoka Java, aliyependa pilipili ya Mama na kumwita "Ibu", yaani mama kwa lugha ya kwao. Nilimsubiri kwa hamu nimwonyeshe kazi yangu. Alipofika nikampa simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, uso ukamchangamka.

"Nyumba hii ina mtoto mchanga," alisema. "Ni ya nani?"

"Anakaa baba yangu," nilimjibu. "Na hao ni vifaranga."

Alitabasamu, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. Kwao mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huoshwa, likatiwa kwenye chungu na kuzikwa kando ya mlango. Juu yake huwekwa kikapu na taa, ikawaka siku thelathini na tano. Wa kiume ana upande wake wa mlango, wa kike wake. "Huyu ni wa kike," alisema.

Mama aliuliza tunabishania nini. Nikamtafsiria yote kwa kejeli, nikiwa na hakika kwamba msichana wa mjini hajui mambo ya shamba. Mama alikuwa anapakua wali. Hakuacha kupakua. "Muulize," alisema, "anayezika ni nani?"

Nikamuuliza. "Baba wa mtoto," Ningsih alijibu. "Lazima awe yeye, kwa mikono yake."

Nikamtafsiria Mama neno kwa neno, na nilipomaliza ndipo na mimi nikasikia nilichosema. Ningsih alinitazama, akamtazama Mama. "Eish, Ibu," alisema taratibu, akaondoka bila chakula chake. Mama alikifunika kwa sahani, akamhudumia mteja aliyefuata.

Jumapili sauti ikaja kama kawaida: leo nikupeleke wapi? Nikamtumia yangu, nikamwamkia, nikamuuliza vifaranga wanaendeleaje. "Wazima kabisa, mwanangu, wanakua," alijibu palepale, bila hata kukohoa. Jibu hilo liliniuma kuliko kilichozikwa chini ya kikapu. Mke wa pili dini imemruhusu, na angesema tungelia tukanyamaza. Lakini alimchukua mdogo wangu wa damu, akamgeuza kuku, akanipa mimi nimwandike na kumsifu.

Nilitaka kuikata ile sentensi nyekundu. Mama akanishika mkono. "Iache. Soma kama ulivyoandika. Mambo yetu watu hayawahusu." Basi siku ya wazazi nikasimama mbele ya darasa nikasoma. Wazazi wakacheka vizuri nilipofika kwenye vifaranga, wakapiga makofi, na Mama, safu ya pili, na mtandio wake wa sikukuu, akapiga pamoja nao. Sikumsamehe kwa makofi hayo kwa muda mrefu. Baba alinidanganya, na Mama akanifanya niulinde uongo wake. Desemba hatukwenda popote, na nguo nilizozitenga zilinibana kabla sijazivaa.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa chuo kilekile kilichokuwa mbele ya meza ya Mama. Baba hakurudi, hutuma salamu za Idi, na bado anasema anakuja. Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka namba ngeni. Alikuwa mdogo wangu, ana miaka tisa, kwenye picha ana paji langu la uso. Mwalimu wao amewaambia waandike kuhusu mji wa mbali, naye kachagua Johannesburg kwa sababu Baba amemsimulia sana. Aliomba nimsahihishie Kiingereza. Kazi ilikuwa nzuri. Aliijua baridi ya Julai, aliijua robot, aliijua hata spaza ya kona. Katikati ya ukurasa aliandika: huko anaishi dada yangu Salma, aliyelelewa na shangazi yetu anayeuza wali.

Mama alikuwa kwenye meza yake ileile, anachambua mchele. Nikamwandikia mtoto kwamba kazi yake ni nzuri, ila sentensi moja aikate: yule si shangazi yetu, ni mama yangu, na ni mke wa Baba. Kabla ya kutuma nilimsomea Mama. Alichambua kidogo, akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni.

"Tuma," alisema.