Kuku Aliyepelekwa Kiambere

Mimi Kajuju sijifichi: umbea ninao, na boma la jirani yangu ndilo runinga yangu. Mama Mbaabu, mjane wa miaka sabini hapa Kaaga, huketi barazani akisuka kiondo huku akiwagombeza kuku wake. "Lodwar, toka kwenye sukuma wiki! Garsen, wewe na uchoyo wako!" Nilivumilia mwaka mzima kabla ya kumuuliza. Kuku kuitwa Lodwar, jamani?

Alicheka hadi uzi ukamponyoka. Kumbe kwa miaka mingi aliwapikia wajenzi wa barabara. Kambi ikihama, naye anahama na sufuria zake, na jina la kila mji aliokaa amempa kuku mmoja. Ukimkuta na moyo mweupe, atakusimulia. Huko Lodwar aliketi siku nzima na mwanamke aliyekuwa akisuka kikapu cha majani ya mkoma, hawaelewani hata neno moja, wanaonyeshana kwa vidole tu. Ule mshono anauweka hadi leo kwenye ukingo wa viondo vyake.

Lakini kuku mmoja mweusi, mtagaji kuliko wote, anaitwa Moyale, na habari za Moyale alikuwa hazitoi. Mimi nikachokonoa. Nikachokonoa tena, hadi siku moja mwezi wa nne akaweka kiondo chini.

"Nilikuwa Moyale mama yangu alipokufa," akasema. "Ujumbe ulinifikia, Kajuju, usidhani haukunifikia. Niliogopa kupoteza kazi, nikabaki. Mdogo wangu Wawira alimzika peke yake kule kwetu Kiambere. Tangu hapo hajanisemesha. Miaka ishirini na sita."

Niliokota kile kiondo, nikakipangusa vumbi.

Alitaka jambo moja tu: kujua kama Wawira angekubali kuwa ndugu yake tena kabla mmoja wao hajaingia kaburini. Kwenda mwenyewe aliogopa kufukuzwa. Basi akamalizia kile kiondo, akamtia Moyale ndani, akanituma mimi. Sasa huku kwetu, ukiletewa kitu kwa kiondo, hukirudishi kitupu. Utatia chochote, hata viazi viwili. Kitakachorudi ndani, akasema, ndicho kitakuwa jibu.

Wawira nilimkuta akipepeta ndengu mlangoni, uso ule ule wa dada yake ila mkavu zaidi. Nikamwambia nimetumwa na nani, na kwamba kuku anaitwa Moyale. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alimpeleka kuku ndani, akaniletea uji, akanitazama nikinywa mpaka mwisho. Nilipoaga akanipa kiondo. Kitupu! Na ungo umejaa ndengu hapo mbele ya macho yetu! Nilikasirika hata nikaondoka bila kwaheri ya maana.

Njiani moyo ukaniuma. Nitamwambia nini yule mama? Nilirudi kwa matatu ya barabara ya chini, na tulipofika Mitunguu nikanunua kichane cha ndizi mbivu, nikakitia kiondoni. Nilijiona mwerevu kweli.

Mama Mbaabu alikuwa amesimama langoni. Alichukua ndizi moja, akaigeuzageuza.

"Wawira ndiye amekupa hizi?"

"Ndiyo, Mama. Na salamu nyingi."

"Kiambere ni jua na mawe. Angeniletea ndengu, ningeamini. Angeniletea asali, ningeamini. Ndizi atazitoa wapi? Sema ukweli, Kajuju."

Aibu iliyonipata, we! Nilisema yote, hadi bei ya ndizi. Aliketi chini kwenye nyasi, na mimi nikadhani analia, kumbe anafikiri. Kisha akaanza kunihoji.

"Kuku alimwacha nje na wenzake?"

"Hapana. Niliporudisha kikombe nilimwona ndani, amefungwa mguu kwa kipande cha leso kwenye kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Chake, Mama. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja."

"Alikuwa amewekewa maji?"

"Maji na ndengu."

Alinishika mkono, akaubana hadi nikaumia. "Kuku wa kuchinja humfungi chumbani unakolala, wewe mjinga! Unamfunga yule wa kukaa, azoee nyumba asitoroke. Na jina lake ulimwambia?"

"Nilimwambia mara mbili."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kamasi na yote, kuku wake wakimzunguka wakidhani ameleta mahindi. Nami nikaona haya kuliko pale mwanzo. Nilikuwa tayari kumlisha ndizi zangu, nimfiche habari aliyoingoja miaka ishirini na sita kwa sababu mimi sikujua kuwa ni habari.

"Lakini Mama," nikasema, "mbona basi alirudisha kiondo kitupu?"

Alijifuta uso kwa upindo wa gauni. "Kwa sababu hasira bado anayo, na ni haki yake," akasema. "Hiyo haitiwi kwenye kiondo. Kesho nitaenda nikaipokee mwenyewe."