Baiskeli Yenye Kengele ya Chura

Mjomba wangu anasoma mita za maji, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Yuniti, kama zile za kwenye bili. Hata mkewe akikasirika humwita Yuniti. Kazi yake haina mashabiki. Watu wakiliona kwa mbali lile shati la buluu la kampuni ya maji, hufunga geti, humfungulia mbwa, kisha huchungulia dirishani kana kwamba vita imefika. Mjomba amekimbizwa na mbwa wengi mpaka anawajua tabia, kama mwalimu na darasa lake. "Yule wa geti la kijani anabweka tu," husema. "Wa nyumba ya kona ndiye hana mazungumzo."

Pamoja na hayo, anaipenda kazi hiyo kufa. Anapenda kutembea, anapenda kufunua kifuniko cha mita na kukuta chura amehamia humo na familia yake. Anachokiogopa hapa duniani ni kimoja: dirisha la malalamiko. Aliwahi kuwekwa pale wiki nzima. Mama mmoja alimletea chupa ya maji yaliyotoka bombani, rangi ya chai ya rangi, akaiweka mezani na kusema, "Kunywa, baba. Mimi nasubiri." Mjomba mpaka leo akiota ndoto mbaya, anaota chupa.

Sasa mwezi huu meneja alimpa kilimani, mtaa mpya, nyumba zimetawanyika kama punje za mchele zilizomwagika, na njia ni mawe na makorongo matupu. Kwa miguu hakufika hata nusu. Ijumaa meneja akamwita.

"Mzee, Jumatatu tunafunga mwezi. Mita za kilimani zisiposomwa zote, kilima nampa kijana mwenye pikipiki. Wewe unarudi dirishani."

Mjomba alirudi nyumbani akatangaza: atanunua baiskeli ya milimani. Ya kwanza maishani mwake. Pesa iliyokuwepo ni ya kochi, maana kochi lao lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Mkazamjomba, ambaye ndiye benki kuu ya nyumba ile, aliitoa kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga.

"Nenda. Ila ukiniletea takataka, utaikalia hiyo takataka, na utalala juu yake."

Mimi nikachukuliwa kama mtaalamu. Nilisomea ufundi mitambo, stashahada ambayo mimi na chuo tuliachana njiani: wao walichoka kunitafuta, nami nikachoka kutafutwa. Lakini kwenye ukoo huu, balbu ikiungua naitwa Injinia.

Jumamosi asubuhi tukawa kwa Breki. Breki ni muuza baiskeli mnene mwenye mdomo usiopumzika, na jina alipewa kwa sababu ndicho kitu alichokosa. Tulimtajia pesa yetu. Akacheka kidogo, akakohoa ili tusione kuwa amecheka, kisha akatutolea mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, ina springi mbele, springi nyuma, na stika nyekundu za miali ya moto. Ya pili ilikuwa imetumika. Rangi ya zambarau, fremu imechorwa maua ya njano, tandiko limechanika, springi hakuna, na juu ya usukani kuna kengele yenye umbo la chura. Ukiibonyeza inasema *kwaa*.

Nikaziinua zote mbili, nikazizungusha magurudumu, nikabana breki kwa macho makali kama daktari bingwa.

"Mjomba, chukua ya maua."

"Unaumwa?"

"Sikiliza. Nyeusi ni mpya, ina springi mbili, na bei ni hii hii. Aliyeitengeneza pesa ya springi ameitoa wapi? Ameipunguza kwenye breki na gia. Hii ya maua ilikuwa ghali enzi zake. Rimu zimenyooka, gia zinaingia bila kugombana, na naibeba kwa mkono mmoja."

"Basi ibebe wewe. Mimi mtu mzima, nina wakwe, nipande bustani? Gia zake ngapi?"

"Saba," akasema Breki.

"Na nyeusi?"

"Ishirini na moja, bosi wangu!"

Hapo nikajua nimeshindwa. Mjomba maisha yake yote amekula kwa tarakimu. Ukimwonyesha namba mbili, moyo wake unakwenda kwenye ile kubwa wenyewe.

Lakini kununua bila kujaribu alikataa. Breki akamwonyesha uwanja wake wa saruji. "Zunguka hapa, mzee wangu."

"Hapa ni meza. Mimi nakwenda kilimani."

"Na ukipitiliza?"

Mjomba akaniwekea mkono begani. "Nakuachia huyu."

Breki akanitazama juu mpaka chini, kama bidhaa ya mtumba. "Ana thamani gani?"

"Ana nusu stashahada."

"Basi aache na viatu."

Nikavua. Mjomba akaondoka na nyeusi, springi zikilia kama kitanda cha gesti. Hazikupita dakika nyingi tukamwona anarudi kwa miguu, baiskeli anaikokota, shati limelowa.

"Inaruka!" alisema. "Nakanyaga pedali niende mbele, yenyewe inakwenda chini. Ni kama kupanda mlima juu ya godoro!" Mnyororo ulikuwa unaburuzika. Mkono wa breki ulikuwa mfukoni mwa shati, ameuhifadhi vizuri kama risiti.

"Hicho ni kitu kidogo," Breki akasema. "Kinarudishwa."

"Lete bustani," akasema mjomba bila kumtazama mtu.

Akaondoka. *Kwaa*, ikalia kwenye kona. Ikawa kimya.

Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kuinama. Mjomba hayupo. Simu haipokelewi. Breki akaona rehani yake inakaa bure, akanipa pampu. Nilijaza upepo kila kilichokuwa na tairi kwenye duka lile, peku.

"Mjomba wako anakupenda?" akaniuliza.

"Asubuhi alikuwa ananipenda."

Mkazamjomba akapiga simu. "Mko wapi mpaka saa hizi?"

"Mimi niko rehani, mama."

"Rehani ya nini?"

"Ya baiskeli ya zambarau yenye maua na chura."

"Kaa huko huko, mwanangu. Mchana huu umetuokolea chakula kingi."

Jioni jua likiwa jekundu, tukasikia *kwaa, kwaa*. Mjomba huyo, vumbi mpaka kwenye nyusi, meno yote nje.

"Nimemaliza!" akapaza sauti. "Kilima chote!"

Ikawa hivi. Alipofika juu bila kushuka hata mara moja, aliona kifuniko cha mita kando ya njia, na mkono ukamwasha. Simu ya kazini anayo siku zote. Akashuka, akasoma, akaziingiza tarakimu humo. Akaona cha pili. Basi. Na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, lile shati la buluu alikuwa ameliacha nyumbani. Watu walisikia kengele ya chura, wakaona maua, watoto wakatoka mbio wakipiga kelele: aiskrimu!

"Mageti ambayo sijawahi kuyaona kwa ndani, mpwa wangu! Yanafunguliwa yenyewe! Nawaambia ukweli, sina aiskrimu, nasoma mita. Lakini geti limeshafunguka, na mtu anaona haya kulifunga."

"Na mbwa wa kona?"

"Alikuja na meno. Nikambonyezea chura. Akakaa chini, akainamisha kichwa, akanisikiliza."

Breki akatoa mkono. "Umefanya kazi ya siku nzima na mali yangu. Lipa. Na bei imepanda, kwa sababu sasa imethibitishwa."

"Bei imeshuka," mjomba akasema, "kwa sababu leo imetumika sana. Tena kazi nimemaliza. Mwezi ujao ni mbali."

"Mjomba!" nikasema, nikiwaonyesha miguu yangu mitupu.

Walivutana mpaka wakachoka. Bei ikabaki ile ile, na pampu yangu ya siku nzima ikalipia tandiko jipya. Viatu nilirudishiwa, na chenji ikatosha kulinunulia kochi mguu wa nne.

Jumatatu meneja alizitazama zile tarakimu, kisha akatazama nje ya dirisha, kwenye maegesho.

"Ile ni yako, mzee?"

"Ni kifaa cha kazi."

Kilima kikabaki kwa Yuniti, na shati la buluu siku hizi analivaa chini ya koti. Dirishani amewekwa kijana mwingine, na lalamiko la kwanza alilopokea kutoka kilimani halikuhusu maji. Mama mmoja, na watoto watatu nyuma yake, alitaka kujua kampuni inaleta lini hiyo aiskrimu.