Kilo Sita za Neema

Siku ya kwanza kazini sikupewa mizani, nilipewa ndoo. Kocha Mkuu wa mieleka alinipokea kwenye ukumbi wa mazoezi, chini kabisa ya jengo la michezo la chuo kikuu kimoja hapa Toronto, akanionyesha mikeka. Msidhani ni mikeka ya ukindu. Ni magodoro mapana ya sponji ngumu yaliyovikwa plastiki, na kila alasiri watu thelathini hugaragazana juu yake mpaka jasho likafanya vidimbwi.

"Ukipiga deki vibaya," akaniambia, "Jumatatu nina wachezaji, Ijumaa nina choa."

Choa ni yale mabaka ya duara yanayowasha, na kwa wanamieleka huhama kutoka ngozi hadi ngozi upesi sana. Nikamjibu kwamba nakijua, nilikitibu miaka mingi Bukoba. Akanitazama upya. "Kumbe wewe ni muuguzi?" Nikasema nilikuwa. Vyeti vyangu vilikuwa bado havijatambuliwa Canada, na watoto hawangoji vyeti ndipo wale, kwa hiyo nilishika mopu.

Miaka mitatu nilipiga deki. Kisha mpimaji wa wasichana akahama, na kanuni inataka wasichana wapimwe na mwanamke. Kocha Mkuu akaniita ofisini akauliza kama nimewahi kutumia mizani. Nilicheka. Kule kliniki ya watoto nilikuwa nikipima vichanga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila mmoja ndani ya kibukta cha kitambaa, ananing'inia kwenye ndoano na kulia kwa nguvu zake zote. Akina mama walikuwa wanaomba mshale upande. Hapa, nilikuja kujua, wanaomba ushuke.

Kocha Mkuu hakucheka. "Ujanani nilimzika mwenzangu kwa sababu ya kilo mbili," akasema. "Alikuwa anazitoa kwa jasho. Moyo ukasimama. Kuanzia leo wewe ndiye mlinzi wangu wa kwanza. Uogope." Niliogopa, na sijaacha mpaka leo.

Kazi yenyewe niliifanya hivi. Kila asubuhi naweka juu ya mizani sahani ya chuma ya kilo ishirini, nione kama inasema kweli. Kisha msichana mmoja mmoja anapanda, naandika kwenye daftari. Baada ya mazoezi anapanda tena, ili nijue amepoteza maji kiasi gani na ayarudishe kwa kunywa. Anayeshuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki napeleka jina lake kwa Daktari wa Timu siku hiyo hiyo. Kwa kawaida hupimwa na nguo za ndani tu. Mimi, kwa malezi yangu, niliona haya kuwavua watoto wa watu kila siku ya Mungu. Nikawaachia fulana na suruali ya mazoezi, natoa nusu kilo ya nguo. Nilijiona nina heshima.

Sasa niwaeleze shati jekundu, maana hakuna anayelivaa. Mchezaji ana miaka mitano tu ya kukichezea chuo. Wengi wakifika kutoka sekondari, mwaka wa kwanza huwa hawajaiva. Basi kocha anawaweka pembeni: wanafanya mazoezi na timu, wanakula na timu, ila hawashindani, na mwaka huo hauhesabiwi. Hao ndio wa shati jekundu. Na kazi yao kubwa mwaka huo ni kuchagua daraja la uzito watakalopigania miaka yote inayofuata. Ukichagua la juu utakutana na majitu. Ukichagua la chini utakutana na njaa. Mwisho wa mwaka wa masomo, Kocha Mkuu, Daktari wa Timu na mchezaji hukaa na daftari langu mezani, wakaamua.

Neema alikuja na mvua za Septemba. Amezaliwa hapa hapa, kwenye maghorofa ya Etobicoke, mama yake ni muuguzi kutoka Arusha, tunasali kanisa moja. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yalikuwa nusu huku nusu kule. Jumapili ya kwanza mama yake alinivuta kando baada ya ibada.

"Dada Koku, huyu ndiye niliye naye. Hiyo mieleka siielewi. Umwangalie kama wako."

"Ondoa shaka, Mama Neema," nikamwambia. Maneno mepesi kweli yale.

Neema alikuwa na kilo sitini na tatu. Daraja lake la asili lilikuwa sitini na mbili, kushuka kilo moja tu. Lakini daraja hilo lilikuwa na mwenyewe, Nahodha, msichana mwenye shingo pana aliyebakiza miaka miwili baada ya huo na ambaye hakuna aliyewahi kumlaza chali mazoezini. La chini yake, hamsini na saba, mwenyewe alikuwa anahitimu. Nafasi ingekuwa wazi. Daktari wa Timu alimpima Neema mafuta ya mwili, akamwambia waziwazi: "Hamsini na saba si yako. Huna cha kupunguza ila misuli na maji." Neema akaitikia kwa kichwa. Nilikuwepo, nilimwona akiitikia.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, kwani hapa ndipo kosa langu lilipo.

Mimi ni mpiga soga, sikatai. Baada ya mazoezi, wakati ninakamua mopu, maana deki nilikuwa bado sijaiacha, wasichana hukaa chini wakinyoosha viungo na kunidai hadithi za zamani. Waliyoipenda zaidi ilikuwa ya Nahodha mmoja wa miaka yangu ya mwanzo. Nikawasimulia alivyoshusha kilo tano kwa siku tatu: suti ya plastiki juu ya suti ya plastiki, kuruka kamba bafuni maji ya moto yakiwa wazi, kunyonya ndimu ili mate yajae, kutema kwenye chupa darasani mpaka profesa akamuuliza kama ana mimba. Nikawaigizia profesa. Nikawaigizia msichana anavyopanda mizani ameshusha pumzi, na mizani inavyosoma sawasawa kabisa, na alivyorudi na medali ya dhahabu. Walicheka mpaka wakaanguka chali. Aliyecheka kuliko wote ni Neema, na ndiye aliyekuwa akisema, "Auntie, please, rudia ile ya chupa."

Majira ya baridi yakaingia. Kila asubuhi Neema alipanda mizani, sitini na tatu. Kupanda kidogo, kushuka kidogo, sitini na tatu. Nikawa najisifu kwa mama yake kanisani kwamba binti ametulia.

Mwezi wa pili, rafu ya vifaa ikapungukiwa na mifuko minne ya mchanga, ile ya kilo moja moja ambayo wanamichezo hufunga vifundoni kuongeza uzito wa mazoezi. Nikadhani vijana wa riadha wamechukua. Nikaandika imepotea, nikasahau.

Kisha mkeka ukaniambia. Aliyepiga deki miaka mingi hujua nani alilala wapi, kwa jasho. Alhamisi moja nilifika kona aliyokuwa akimenyana Neema saa nzima. Upande wa mwenzake palikuwa na dimbwi. Upande wake pakavu. Nikapapasa kwa kiganja, nikapapasa tena, pakavu. Mtu anapigana mieleka saa nzima bila kutoa jasho kwa sababu moja tu, hana maji ya kutoa.

Niliacha mopu pale pale. Nikamfuata koridoni.

"Neema, unakunywa maji?"

"Niko fine, Auntie. Nimechoka tu, mitihani."

Midomo ilikuwa na magamba. Mashavu yalikuwa yamekwenda. Niliyaona siku ile yote kwa pamoja, wakati nilikuwa namwona kila asubuhi. Nikampigia Daktari wa Timu, akasema atamwona kesho saa saba mchana. Usiku huo sikulala, na asubuhi Neema akapanda mizani: sitini na tatu. Nikaweka ile sahani ya chuma. Ishirini kamili. Mizani haikuwa na kosa, na mtoto alikuwa anakauka mbele yangu.

Nilikuwa nakunja taulo karibu na saa sita nilipokumbuka Bukoba. Kadi za kliniki zilikuwa na rangi, kijani kwa mtoto mwenye afya, nyekundu kwa aliyekonda. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa kijani kila mwezi huku mbavu zinahesabika. Mwishowe tukafungua nepi, tukakuta jiwe la kusagia. Aliona aibu ya nyekundu.

Mifuko minne. Kilo nne. Fulana na suruali niliyomruhusu avae.

Nilikimbia. Nina goti bovu na sijui nilishukaje zile ngazi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa mvuke, maji ya moto yanamwagika kwenye mabomba yote manne. Neema alikuwa ameketi sakafuni ndani ya suti ya plastiki, kamba ya kuruka mkononi, kando yake chupa yenye mate na ganda la ndimu. Alikuwa hatemi tena. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya mzee, na nilipomshika shingoni mapigo yalikuwa yanakwenda, yanaruka, yanakwenda.

Nilifunga maji nikamburuta hadi koridoni. Nilipasua ile plastiki kwa mkasi wa bendeji huku nikipiga kelele kwa Kihaya, lugha ambayo hakuna mtu aliyeijua jengo lile. Watu wakaja. Mmoja akaita gari la wagonjwa. Nikawa namfuta kwa taulo la maji baridi, namwita jina, nasema usilale, mama, usilale.

Akafumbua macho. Akanitambua, na Mungu wangu, akatabasamu.

"Bado kilo moja na nusu, Shangazi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema Kiswahili kitupu. "Jumatatu ningewaonyesha hamsini na saba. Kama yule wako wa medali."

Mdomo huponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa mwenzangu. Kwa sababu hadithi ile ina mwisho, nami nilikuwa naukata pale panapochekesha. Yule Nahodha wa zamani alirudi na medali Jumapili, Jumanne akalazwa, figo zimegoma. Wiki mbili za dripu. Hakurudi tena mkekani maisha yake yote. Nililijua hilo siku zote. Nani ataka kusikia habari za figo wakati watu wanacheka?

Mama Neema alifika hospitali na sare yake ya kazi ya hospitali nyingine. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisoma namba kwenye mashine moja baada ya nyingine kama muuguzi, na alipomaliza akawa mama.

"Dada Koku. Nilikuomba umwangalie."

"Nilimwangalia," nikasema. "Mdomo wangu ndio sikuuangalia." Nikamweleza yote, ndimu, chupa, profesa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza kiti akanipa mgongo. Tulikaa hivyo siku tatu tukisubiri majibu ya figo. Siku ya tatu, bila kugeuka, alinipa nusu ya mkate wake. Majibu yalikuwa mazuri.

Nilimwandikia Kocha Mkuu barua ya kuacha kazi. Nilimwambia kuhusu nguo, kuhusu mifuko, kuhusu hadithi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Ukienda wewe, hadithi itabaki," akasema. "Wasichana wote wanaijua nusu ya kwanza. Nani atawaambia nusu ya pili?"

Basi nilibaki miaka sita zaidi. Nguo zilivuliwa, aibu nikaiweka kando, nikanunua pazia. Kikao cha madaraja kilipofika, Daktari wa Timu alimwachia Neema kalamu aandike mwenyewe kwenye daftari langu. Aliandika sitini na mbili. Miaka miwili iliyofuata Nahodha alimlaza chali kila wiki, naye aliamka kila wiki, anatoka jasho kama mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nikipiga deki kona yake mimi mwenyewe, ingawa haikuwa tena kazi yangu.

Sasa nimestaafu, naishi Thorncliffe Park na binti yangu. Mnaniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri, na kila asubuhi niliyoifanya baada ya Ijumaa ile niliifanya kwa hofu. Hofu hiyo nimekuja nayo nyumbani. Wajukuu wakijazana sebuleni wakinidai hadithi za zamani, mimi kwanza natazama ni nani anayecheka kuliko wote. Nikimwona, namwita aje akae karibu yangu, kisha naanzia hospitali.