Siku Mama Mkwe Aliponikalia Kifuani Kwenye Usaili wa Kocha wa Mieleka

Mama mkwe wangu alikuwa amenikalia kifuani.

Sisemi kwa mafumbo. Amekaa kweli, na uzito wake wote, mikono yangu ameibana chini ya magoti, na mimi nimelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa.

Pembeni, mkuu wa shule yetu amepiga magoti, shavu lake limekaribia kugusa godoro. Anachungulia kama mabega yangu yote mawili yamefika chini.

"Yamegusa!" akapiga kelele. "Yote mawili!"

Wasichana wa klabu wakalipuka kwa shangwe.

Na huo, jamani, ulikuwa usaili wa kazi. Msaili nilikuwa mimi.

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo, maana nikiishia hapa mtanifikiria vibaya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia kwenye shule ya sekondari ya wasichana. Pia ni mlezi wa klabu ya mieleka, cheo nilichopewa kwenye kikao ambacho nilichelewa kufika. Mieleka yenyewe siijui. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji, kufunga ukumbi na kupiga makofi.

Lakini wale wasichana walinivuta taratibu mpaka nikanasa. Nahodha wao tunamwita Breki, kwa sababu ukigongana naye safari yako imeishia hapo. Halafu kuna mmoja mwembamba, Sindano, ambaye hakuwahi kushinda pambano hata moja, ila ndiye anayewahi mazoezini kuliko wote na kufagia ukumbi bila kuambiwa.

Sasa kocha wao akapata kazi mji mwingine. Akaaga, akaondoka.

Mkuu wa shule, ambaye wote tunamwita Madam, akaniita ofisini. Madam hana maneno mengi.

"Mwalimu, ukumbi ule hauwezi kukaa na magodoro tu. Nipatie kocha kabla Ijumaa haijaisha. Ukikosa, naweka humo madawati mabovu na klabu tunaifunga."

"Madam, Ijumaa ni keshokutwa."

"Ndiyo maana nimekuita leo."

Nilifika nyumbani sina raha. Kwetu tuko watatu: mimi, mke wangu, na mama yake, ambaye alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki.

Huyu mama namheshimu, tena namheshimu hasa. Shikamoo yake naitoa nimeinama. Kiti anachokalia, mimi sikalii hata akiwa hayupo.

Ila tangu msiba alikuwa amezima. Anaamka, anaoga, anakaa mbele ya televisheni ambayo wakati mwingine hata haijawashwa. Chakula anakigusagusa tu. Mke wangu akimtazama sana, anaenda jikoni na kufungua bomba la maji ili tusisikie anavyolia.

Jioni hiyo tukiwa mezani mke wangu akaniuliza, "Vipi, kocha amepatikana?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo klabu inafungwa kabisa?"

"Kabisa."

"Na wale wasichana wataenda wapi, masikini? Yule Sindano?"

Nikamtazama. Siku zote nikianza habari za mieleka huyu mwanamke hupiga miayo. Leo kapatwa na nini?

Mara mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Magodoro mnayo?"

"Tunayo, Mama."

"Mazito, au haya ya kulalia?"

"Mazito, Mama."

Akaguna. Akachukua tena kijiko. Nikasema moyoni, angalau leo ameongea.

Ijumaa ikafika. Tukakaa ukumbini, mimi na Madam mezani, wasichana wamejipanga ukutani.

Wa kwanza aliingia amevaa miwani ya jua. Ndani ya ukumbi! Akatumwagia falsafa: ushindi ni hali ya akili, ushindi ni pumzi, ushindi ni hivi, ushindi ni vile.

"Vizuri," Madam akasema. "Panda kwenye godoro utuonyeshe."

Jamaa akatazama viatu vyake vinavyong'aa. "Madam, mimi hufundisha kwa mdomo zaidi."

"Basi na mimi nakuaga kwa mdomo. Kwaheri."

Wa pili alikuwa jitu la mtu. Mlangoni alipita kwa ubavu. Nikajisemea, tumepata! Madam akaniambia nipande nimjaribu, nimkamate kiunoni tuone anajitoaje.

Nikamkamata.

"Hihihihiii!"

Jitu likaanguka lenyewe, machozi yanalitoka. "Niache! Niache mbavuni, kaka, nitakufa!"

Kumbe anatekenyeka. Nilimwachia, lakini kila nikisogea hatua moja tu anaanza upya kabla hata sijamgusa. Akaomba radhi kwa adabu zote, akaondoka. Tulimsikia akicheka peke yake mpaka getini.

Madam akafunga kalamu yake. "Mwalimu, kawaite watu wa madawati."

Sindano akainamisha kichwa. Breki akageukia ukuta.

Hapo ndipo tuliposikia, "Hodi humu ndani."

Mama mkwe.

Kilemba kakibana mpaka nyusi zimepanda. Miguu mitupu. Na chini amevaa suruali yangu ya michezo, ile ya bluu, kaikunja mara kadhaa kwenye vifundo.

Nikasimama mpaka kiti kikaanguka. "Mama! Shikamoo! Nyumbani kuna nini?"

"Marahaba. Nyumbani salama. Nimekuja kwenye usaili."

Nikacheka. Nikaangalia huku na huku. Nilikuwa nacheka peke yangu.

"Mnajuana?" Madam akauliza.

"Ni mama mkwe wangu, Madam. Kwa hiyo mimi najitoa, siwezi..."

Madam wala hakunisikiliza. "Mama, umewahi kucheza mieleka?"

"Kabla sijaolewa, na miaka kadhaa baada ya kuolewa. Tulikuwa na kikundi, tunazunguka mji hadi mji. Waliniita Kufuli."

"Kwa nini Kufuli?"

"Nikikufunga, mpaka nikufungue mwenyewe."

"Uwiiii!" Breki akaruka pale ukutani.

Madam akaniashiria kwa kidevu. "Mwalimu, panda kwenye godoro."

"Na mkwe wangu? Madam, hii si aibu tu, hii ni balaa!"

"Panda. Na nisikilize vizuri: ukijiangusha makusudi nitajua. Nitasema mnapendeleana kindugu, na klabu naifunga leo hii. Pambana kweli."

Jamani, nani amewahi kuwekwa kwenye kona kama ile? Nikimwangusha mama mkwe, nyumbani sirudi. Nikimlegezea, wasichana wamekosa klabu.

Tukasimama uso kwa uso. Mikono yangu sijui pa kuiweka. Nimshike bega? Nimshike mkono? Mtu unamshikaje mama mkwe?

Akaninong'oneza, "Samahani, baba."

"Usijali, Mama, nitakushika polepo..."

Sentensi hiyo sijaimaliza mpaka leo. Dari ilikuja usoni, ikaondoka, ikarudi. Nilipofumbua macho niko chini.

"Mwalimu amelegea!" Madam akasema. "Rudieni!"

Sikulegea, Mungu ananiona. Mara ya pili nikasema basi, heshima tutaichukua baadaye. Nikakaza miguu, nikakaza meno, nikamsukuma kama mtu anayesukuma gari bovu. Akaniachia nisukume. Akapisha kidogo tu, kisigino chake kikakutana na changu, na uzito wangu mwenyewe ukanimaliza.

Ndipo akanikalia.

Na nikiwa pale chini nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu msiba. Mama mkwe anacheka. Kicheko kilianzia tumboni, na kwa kuwa tumbo lilikuwa juu yangu, nilikipata kabla ya watu wengine wote.

Na mimi nikaanza kucheka. Ilibidi anisaidie kuinuka.

"Kazi ni yako, Mama," Madam akasema huku anajifuta vumbi magotini. "Unaanza Jumatatu."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akanisimamisha njiani.

"Mwanangu asijue. Tangu baba yake afariki ananibeba kama yai. Atasema nitavunjika. Mwambie nafundisha wasichana kufuma."

"Kufuma, Mama?"

"Kufuma."

Basi nikawa mwongo ndani ya nyumba yangu. Nilipatwa na maumivu ya shingo, ya kiuno, ya sehemu ambazo sikujua kama ninazo, maana kila asubuhi kocha alihitaji mtu mzima wa kuonyeshea.

"Mbona unatembea kama umemeza fimbo?" mke wangu akaniuliza.

"Nimelalia vibaya."

"Na Mama, kufuma gani huko kunakomtoa jasho namna ile?"

"Masweta ni mazito, mke wangu. Pamba nzito."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Poleni," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Lakini mama! Mama alirudi duniani. Anakula, anaongeza. Anaimba bafuni. Mazoezini sauti yake unaisikia mpaka ofisini kwa Madam: "Kiuno! Kiuno ndicho usukani! Unakwenda wapi na mikono tu?" Sindano, aliyekuwa akifumba macho kila akikamatwa, Mama alimfundisha kuanguka kwanza. Kuanguka tu, asubuhi nzima, mpaka mtoto akaanza kuanguka huku anatabasamu.

Siku ya mashindano ya shule, asubuhi na mapema, mke wangu akatokea amevaa, amependeza.

"Nami nakuja leo kuwashangilia."

Nikamkimbilia mama mkwe nje. "Mama, leo tumekamatwa."

"Basi tukamatwe tukiwa tunashinda," akajibu, akaendelea kufunga kilemba.

Ukumbini nikamkalisha mke wangu juu kabisa, nyuma ya bibi mmoja mwenye kofia pana. Nikaomba bibi asivue kofia.

Tulianza kwa kupigwa. Kisha Breki akamwangusha wake. Kisha tukapigwa tena. Mama mkwe alipiga kelele mpaka sauti ikakauka kabisa, akabaki anapunga mikono tu kama mtu anayefukuza nyuki.

Na wakati huohuo Sindano akawa chini. Msichana wa shule pinzani amemlalia, bega moja tayari limegusa. Mama anafungua mdomo, hakitoki kitu.

Mara kutoka juu kabisa ya ukumbi, sauti ikapasua hewa:

"DARAJA! Piga daraja, Sindano! Kisogo chini, inua kiuno, zungukaaa!"

Sindano akainua kiuno. Akajipinda kama upinde. Akazunguka. Sekunde hiyohiyo yule wa juu akawa wa chini, na mwamuzi akapiga godoro kofi.

Ushindi wake wa kwanza maishani!

Nilikuwa nimeshika chupa ya maji na taulo, mdomo wazi. Si kwa sababu ya Sindano. Ile sauti nilikuwa naijua. Huamka kando yangu kila siku.

Mke wangu akashuka zile ngazi kwa kuruka, viatu mkononi, kofia ya bibi nayo ikaenda na maji. Akasimama mbele ya mama yake. Nikafumba macho.

"Mama," akasema, "Breki anachelewesha mkono wa kushoto, na wewe humrekebishi."

Mama akamkodolea. Akanong'ona kwa ile sauti iliyokauka, "Ulijua?"

"Mama, unadhani nani alikuwa anamchokoza huyu mezani? Ningekuomba mimi ungekataa. Nilijua ukisikia klabu inafungwa hutavumilia. Hata suruali yake ni mimi niliyeiacha kitandani kwako."

"Huyu" ni mimi, kama hamjaelewa.

Nikapata sauti. "Na wewe... daraja... umejulia wapi?"

"Mimi mtoto wa Kufuli. Ulitaka nijue nini, kufuma?"

Kumbe mama alimfundisha tangu utotoni, nyuma ya nyumba, kwenye magunia ya majani makavu. Mke wangu hakuwahi kuniambia. Nikamuuliza kwa nini.

Akaona haya kidogo. "Unavyopenda kunifungulia vifuniko vya chupa," akasema. "Unavimba kifua, unasema 'lete hapa kwa mwanamume'. Niliogopa nikikuambia utaacha. Na mimi nakupenda unavyofungua."

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa taarifa yenu, siku hiyo tulikuwa wa tatu kati ya shule tano. Wa tatu! Shule ambayo siku zote ilishika mkia! Tulishangilia mpaka waliokuwa wa kwanza wakaja kuuliza kama kuna makosa kwenye matokeo. Madam alicheza katikati ya ukumbi bila muziki. Sindano alibebwa mpaka kwenye gari, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui aanze na lipi.

Sasa klabu ina kocha na msaidizi wa kocha, mama na binti, na wanagombana mazoezini kama watu wasiojuana. Madawati mabovu Madam kayapeleka kwingine.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilimpa mama mkwe heshima zote za dunia, shikamoo, kiti, kuinama, ila sikuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu maisha yake. Nilidhani kumheshimu mtu ni kumwacha akae kimya. Na mke wangu vilevile, nilidhani namjua kwa sababu tunalala nyumba moja.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, leo mkikaa mezani mgeukie yule aliye kimya kuliko wote. Muulize ujana wake ulikuwaje. Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho.

Ila kaa mbali kidogo na mikono yake.