Pasi Umemwachia Nani?

Huyu binti alikuwa dobi. Siku sita za juma alinyoosha mashati ya watu mpaka vidole vikaota sugu, na siku ya saba akafundisha watoto Maandiko katika chumba cha nyuma cha kanisa. Namna yake ilikuwa kugawa watu wa hadithi: kila mtoto ashike mtu wake, aseme kama wanavyosema nyumbani.

Jumapili hiyo walikuwa kwenye habari za Daudi. Mtoto mmoja mnene akawa Eliabu, kaka mkubwa, akamfokea mdogo wake pale kambini: "Umefuata nini huku? Na kondoo umemwachia nani?" Wenzake wakacheka hadi benchi likalia.

Mlango ukafunguka. Akaingia baba mkubwa wa binti, mzee wa kanisa, daftari kwapani.

"Nani kakuruhusu kugeuza kanisa soko?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Tuko kwenye somo."

"Somo gani? Miaka kumi na tisa, utamfundisha nani? Wazee tumekaa. Kuanzia leo darasa nalichukua mimi."

Darasa binti alilianzisha mwenyewe, na watoto wanne. Sasa walijaa hadi dirishani. Hakuna mzee aliyewahi kukanyaga humo akaona. Ila kukaa walikaa, na kuamua wakaamua. Mambo ya namna hii yanakera, jamani.

"Nimekosea wapi, baba?"

"Usinihoji. Huna uzoefu. Jana nimepita kazini kwenu, nguo zimelundikana hadi mlangoni. Umefuata nini huku? Pasi umemwachia nani?"

Yule Eliabu akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa.

"Babu, hayo ni maneno yangu."

Mzee akafungua daftari, akalifunga. "Lete ufunguo wa chumba," akasema.

Binti akaufumba ufunguo mkononi. "Mchungaji akiniambia nimefundisha uongo, nautoa leo hii. Kwa umri, hapana, baba. Umri sikuuiba."

Mzee akaenda kumwita mchungaji. Mchungaji akaja, akasikiliza pande zote, akauliza jambo moja tu: nani kati ya wazee amewahi kukaa katika darasa hili? Hakuna. Ufunguo ukabaki kwa dobi.

Radhi hakuombwa mpaka leo. Akimwamkia baba yake mkubwa, mzee huitikia akitazama ukuta. Aliyekosewa ni binti, na aliyenuna ni mzee.