Majani Yaliyofunika Kaburi, Kabungu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukiamini sawa, usipoamini pia sawa, lakini mkono huu ndio ulioshika jembe siku ile.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kabungu. Mimi na mume wangu tulipewa shamba kando ya mahame ya watu wa zamani. Humo yaliota majani mazuri ajabu, mashuke yake ya zambarau, laini kama mkia wa paka. Wanawake waliyachuma kupambia nyumba. Lakini yalikuwa yanakula shamba. Ng'ombe hawayagusi. Kila kiangazi mume wangu aliyachoma moto, na mvua zikianza yanarudi mengi kuliko kwanza. Mahindi yakakosa pa kusimama, tukaanza kulala njaa.

Mchana mmoja nilikwenda peke yangu. Jua la utosi, hata ndege hawalii. Nikamkuta bibi mmoja amevaa kaniki, ameinama katikati ya majani, anang'oa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nilidhani ametoka kijiji cha pili. Wewe ungedhani nini?

Alinionyesha namna ya kuyatambua yakiwa machanga, maana hufanana na nyasi za kuezekea: jani jembamba kama uzi, ukilipitishia kidole linakwaruza, na yote yanatoka kwenye shina moja kama nywele zilizofungwa. Shuke alilifunika kwa kitambaa kwanza ndipo akalikata, mbegu zisipeperuke. Kisha akachimba mpaka mzizi. Nikamwambia sisi tunachoma.

"Usichome, mwanangu," akasema. "Moto unayapa nguvu."

Nikamuuliza amejuaje. Akang'oa shina jingine, akajibu.

"Niliyapanda mimi. Nilipewa na mke wa bwana niliyemfanyia kazi, nikapendezeshea kaburi la mwanangu. Sasa yamemfunika, simwoni. Nisaidie."

Nikalima naye mpaka jembe likagonga jiwe. Yalikuwa mawe madogo, yamepangwa kwa urefu wa mtoto mchanga. Nikageuka nimwonyeshe. Hakuwepo. Majani hayakutikisika popote, na kwenye udongo tuliouchimba palikuwa na nyayo zangu tu.

Jirani yangu Mama Tekla, mzaliwa wa pale, nilipomweleza alikaa chini. Akasema bibi yule alikufa kabla hatujaletwa, na siku zake za mwisho alikuwa anatambaa humo akitafuta kaburi. Watu walidhani amerukwa na akili.

Tuliacha moto. Tukakata mashuke na kung'oa mizizi, mwaka hadi mwaka, mpaka mahindi yakarudi. Kaburi nalipalilia hadi leo, ila jua likiwa utosini siendi bila mtu wa kunisindikiza. Niamini, hofu ile haijanitoka.

Nyie mnaopewa miche ya mapambo, ulizeni kwanza mbegu zake zinakwenda wapi. Na ukimkuta mtu ameinama peke yake kwenye majani hayo, mwamkie, umsaidie kung'oa. Usiwashe kiberiti. Hujui nani amelala chini yake.