Maharagi Yenye Maji Haikufikia

Unajua namna ya kutafuta alama yenye jicho haiwezi kuona? Mi nilifundishwa juu ya beseni ya maharagi, hapa hapa Gisenyi, ile miaka ya nyuma ya kurudi kwetu kutoka Kongo. Magoti ilikuwa imesha choka kupandisha sambaza, wale samaki wadogo, toka ziwa mpaka soko.

Mujukuu yangu, binti mwenye alikuwa anasoma Ulaya, alikuja likizo. Likizo ikaisha, yeye hafungi valizi yake ya nguo. Mi nilifurahi, bon, nani atakataa mutu wa kumukanda mugongo? Lakini alikuwa analala muchana, anaamuka amechoka kunipita.

Mangaribi moja nililoweka maharagi. Maharagi mupya inavimba, ya zamani inabaki ngumu, hapo ndiyo unaichagua. Asubui nikakuta nusu yote ni ngumu. Yewe! Nikaenda soko, nikamutukana ule mama wa Nyakiriba mwenye aliniuzisha, watu wote wanasikia: "We muongo, unaniuzisha maharagi iliyozeeka kama mimi!" Yeye akaendelea kupimia wengine.

Kurudi, nakuta mujukuu ameinamia beseni.

"Nyogokuru, bibi yangu, maji ulitia kidogo. Hii ya juu haikukataa maji. Maji haikuifikia."

"Ayi we! Na mi nimesha tukana mutu!"

Alicheka. Kisha akakaa chini karibu ya mbabula, makaa imesha zimika, machozi ikaanza kumutoka.

"Mi pia, Nyogokuru. Hivi hivi."

Akanieleza. Eti ndani ya mwili ya mutu mko andiko murefu sana, wanaliita ADN, wengine DNA. Juu ya herufi zingine kunakaa kaalama kadogo, kanaambia mwili: hapa nyamaza. Haionekane. Sasa, juu ya kuiona, wanamwangia lile andiko dawa. Herufi yenye haina alama inageuka, yenye iko na alama inakataa kugeuka.

"Basi ni maharagi," nikasema.

"Ni maharagi. Lakini lile andiko ni kama kamba mbili zimeshikana. Usipoziachanisha muzuri, dawa haifike. Herufi inabaki vile ilikuwa, we unapiga kelele: iko na alama! Kumbe haina kitu. Mi nilimwambia profesa nimepata alama mingi, akafurahi, akatangazia wenzake. Nilipojaribu tena muzuri, hazikuwako."

"Profesa anajua?"

"Hapana. Ndiyo maana sirudi."

Mi nilichoka, weye. Mudomo ulitaka kusema: baki, unibebee beseni. Nikasema: "Simama, twende soko."

"Kufanya nini?"

"Kumeza aibu yangu. Utaona kama inapita kwenye koo."

Ule mama alituona toka mbali, akashika kiuno. "Umekuja kurudisha matusi ama kuniongezea ingine?"

"Kurudisha, mama. Maharagi yako ni muzuri. Maji yangu ndiyo ilikuwa kidogo."

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akajishika tumbo. "Basi leo utanunua kilo mbili. Na maji, mujukuu ndiye atatia, we kaa mbali!"

Tulirudi polepole, maharagi iko kwa kichwa ya mujukuu. Mbele ya kuingia nyumbani akanishika mukono.

"Nyogokuru, nakuahidi, nitarudi kule. Na mbele ya kufungua valizi, nitamwambia profesa na kinywa yangu: dawa haikufika."